Hewa ya matairi: namba ya kweli iko mlangoni mwa gari, haiko kwa quado

Wenye magari ya spoti mjini Lubumbashi hutumia pesa nyingi kwa janti, rangi na muziki. Lakini kinachoamua kama gari litabaki barabarani ni kile chenye bei ndogo kuliko vyote: hewa iliyo ndani ya matairi.

Toyota Altezza, Subaru Impreza, Volkswagen Golf GTI, BMW za mfululizo wa 3: magari haya yanajulikana kwa sauti kabla hayajaonekana. Yameshushwa chini, yamewekewa matairi mapana na janti zinazong'aa. Wengi wanaoyamiliki ni vijana, na wanayajua vizuri: nguvu za injini, aina ya giaboksi, hata mwaka gari lilipotoka kiwandani. Ukiwauliza matairi yao yana hewa kiasi gani, majibu huwa machache. Wengine hujibu kwamba quado ndiye anayejua.

Quado naye, mara nyingi, ana namba moja kwa magari yote. Teksi, gari la familia na gari la spoti vyote hujazwa sawasawa. Wapo wanaopima kwa jicho, na wapo wanaopiga tairi kwa nyundo na kusikiliza sauti.

Kwa gari linalotembea kilomita 40 kwa saa kati ya Kenya na katikati ya mji, kosa hilo linaweza kukaa miezi bila kuonekana. Kwenye barabara ya taifa namba 1 mambo ni tofauti. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni karibu kilomita 120, na hadi Kolwezi karibu 300. Ni lami nyembamba ambayo magari madogo hugawana na malori ya shaba na kobalti. Tairi likipasuka kwenye kilomita 130 kwa saa, huku lori linakuja mbele, dereva hana nafasi ya pili.

Namba iko wapi?

Kiwanda kilichotengeneza gari ndicho kilichochagua hewa yake, baada ya kupima uzito, freni na mwendo wake. Namba hiyo imebandikwa kwenye gari lenyewe. Kwa magari ya Japani, fungua mlango wa dereva na utazame kwenye nguzo, karibu na pale mlango unapofungia. Kwa Volkswagen na Mercedes nyingi, tazama ndani ya kifuniko cha mafuta. Kwa BMW na Peugeot, ni kwenye mlango au nguzo yake.

Wengi hukata tamaa kwa sababu karatasi hiyo imeandikwa Kijapani. Lakini tarakimu ni zilezile kwa watu wote. Ukiona 220 na pembeni yake 2.2, maana yake ni kilopaskali 220, yaani kilo 2,2 kwa kila sentimita mraba. Hiyo ndiyo «kilo» tunayoitaja kwa quado, na ni karibu sawa na bari moja. Kama manometa ya quado inasoma kwa psi, kumbuka kwamba bari 1 ni psi 14,5. Kwa hiyo bari 2,2 ni psi 32, na bari 2,5 ni psi 36.

Kwenye karatasi hiyo kuna pia ukubwa wa tairi, na mara nyingi namba ya mbele si sawa na ya nyuma. Isome yote.

Kuna namba nyingine inayodanganya watu wengi. Ni ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: «MAX PRESS 51 PSI», au 44. Hiyo ni kikomo ambacho tairi halipaswi kupita. Aliyetengeneza tairi hajui kama litafungwa kwenye Golf au kwenye basi dogo, ndiyo maana hakuweza kuandika hewa inayofaa gari lako. Anayejaza mpaka hapo amepakia bari 3,5 kwenye gari lililoombewa 2,2.

Pima asubuhi, tairi likiwa baridi

Namba ya mlangoni ni ya tairi baridi. Tairi ni baridi kama gari limesimama kwa saa tatu hivi, au limetembea kilomita mbili au tatu tu taratibu. Likitembea, tairi hupinda na kunyooka mamia ya mara kila dakika. Mpira unapata joto, hewa ya ndani inapanuka, na manometa inapanda.

Hapa ndipo kosa moja hurudiwa kila siku. Dereva ameondoka Lubumbashi na bari 2,2. Anafika Likasi mchana, anapima, anakuta 2,5. Anaogopa, anamwomba quado apunguze mpaka 2,2. Kesho yake asubuhi tairi limepoa na lina bari 1,9 tu. Anaondoka hivyo kurudi, akiamini kwamba amefanya jambo la usalama. Hewa inayopanda njiani ilihesabiwa tangu kiwandani. Kwa hiyo usiipunguze tairi likiwa moto.

Kupanda huko kunaweza pia kukufundisha kitu. Kwa gari dogo, ongezeko la karibu bari 0,3 baada ya safari ni la kawaida. Kama limepita 0,5, chunguza: huenda uliondoka na hewa kidogo mno, au umepakia sana, au umekimbia sana.

Majira nayo yanahesabika. Digrii 10 za joto hubadilisha hewa ya tairi kwa karibu bari 0,1. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1.200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya digrii 10. Mwezi Oktoba, mchana hupita digrii 30. Tairi lililojazwa vizuri mchana wa Oktoba, likaachwa bila kuguswa hadi asubuhi ya Julai, limeshapoteza bari 0,2 kwa baridi peke yake. Ongeza hewa inayovuja taratibu kwenye mpira na valvu, karibu bari 0,1 kwa mwezi, na utaelewa kwa nini gari lililojazwa kabla ya mvua linaweza kuwa hatarini miezi michache baadaye bila msumari wowote.

Imani mbili za vijiweni

Kwenye vijiwe vya wapenda magari kuna imani mbili zinazopingana. Ya kwanza inasema hewa kidogo hufanya tairi lishike barabara kama kwenye mashindano. Ya pili inasema hewa nyingi hufanya gari liwe jepesi na likimbie.

Ya kwanza ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni ya hatari. Ni kweli kwamba timu za mashindano hutafuta hewa kidogo ili mpira ulale vizuri chini. Lakini hata huko mwenye matairi huweka mpaka. Kwenye Formula 1, Pirelli hutoa kiwango cha chini kwa kila mashindano. Tarehe 6 Septemba 2015 huko Monza, Italia, wakaguzi walipima matairi kabla ya kuanza. Tairi la nyuma kushoto la Lewis Hamilton lilikuwa psi 0,3 chini ya kiwango, na la Nico Rosberg psi 1,1. Hamilton alishinda, lakini ushindi wake ulibaki mezani kwa waamuzi kwa muda kabla ya kuthibitishwa. Kelele hiyo yote ilikuwa juu ya bari 0,02 kwa mmoja na 0,08 kwa mwingine. Kwetu, gari linaingia barabara kuu likiwa na upungufu wa bari 0,5 na hakuna anayeuliza.

Sababu ya mpaka huo ni joto. Tairi lenye hewa kidogo hupinda sana ubavuni. Kila mpindo huzaa joto, na joto huachanisha tabaka za mpira na nyuzi za chuma zilizo ndani. Mwendo ukiwa mkubwa mambo huenda haraka zaidi, na gari la spoti hununuliwa kwa ajili ya mwendo.

Marekani walilipa gharama kubwa ya somo hili. Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliita matairi milioni 6,5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer. Nyuso za matairi zilikuwa zikibanduka njiani na magari kupinduka. Watu zaidi ya 250 walikufa. Serikali ilikuta kasoro kwenye matairi yenyewe. Lakini hewa pia iliingia kwenye ugomvi: Ford ilikuwa imependekeza psi 26, yaani bari 1,8, wakati Firestone ilitaka psi 30. Mwaka huohuo Marekani ilipitisha sheria, na kutoka Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililazimishwa kuwa na taa ya kuonya hewa ikishuka. Umoja wa Ulaya ulifuata kwa magari mapya yote mnamo Novemba 2014.

Usitegemee taa hiyo peke yake. Kwa kanuni ya Marekani, inalazimika kuwaka pale tu hewa imeshuka kwa asilimia 25. Gari la bari 2,4 linaweza kufika 1,8 kabla ya kukuambia chochote. Na magari mengi ya zamani yanayotoka Japani hayana taa hiyo kabisa.

Imani ya pili, ya hewa nyingi, nayo ina kasoro zake. Tairi lililojaa kupita kiasi huvimba katikati, likagusa lami kwa sehemu ndogo. Freni huhitaji umbali mrefu zaidi, na gari hurukaruka kwenye lami mbovu badala ya kuishika. Likigonga shimo, ubavu mgumu hauwezi kumeza pigo, na janti ndiyo inayolipa. Utalijua tairi hilo kwa meno yake: limekwisha katikati huku pembeni kukiwa bado kuzima. Lililokosa hewa huisha pembeni zote mbili na kubaki zima katikati.

Mvua ikianza

Kwenye mvua, hewa ndiyo inayosaidia tairi kupasua maji. Likikosa nguvu hiyo, tairi hupanda juu ya maji na gari huelea. Usukani unakuwa mwepesi, na freni hazifanyi kitu.

Mwaka 1963, watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza matairi ya ndege walichapisha kanuni inayoonyesha kwamba mwendo wa kuelea unategemea hewa ya tairi. Kwa kanuni hiyo, tairi lenye psi 32, yaani bari 2,2, huanza kuelea karibu na kilomita 94 kwa saa kama maji ni mengi na meno yamekwisha. Lenye psi 20, yaani bari 1,4, huanza karibu na kilomita 75. Meno mazuri husogeza mpaka huo mbele. Lakini kilomita 20 ndizo tofauti kati ya dereva anayepita kwenye dimbwi na yule anayeishia kwenye mtaro. Ukiongeza kwamba matairi mapana ya spoti yana maji mengi zaidi ya kusukuma, utaona kwa nini gari hilohilo linalosifiwa Agosti linaogopesha Januari.

Umebadilisha janti? Hesabu upya

Namba ya mlangoni ni ya ukubwa wa tairi ulioandikwa mlangoni. Gari la spoti la Lubumbashi ni nadra kubaki hivyo. Chukua gari lililotoka kiwandani na 205/55 R16, mwenyewe akaweka 225/40 R18. Kimo cha gurudumu lote ni karibu kilekile. Lakini ubavu wa tairi umeshuka kutoka milimita 113 hadi 90. Kuna sentimita mbili pungufu za hewa na mpira kati ya janti na shimo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawasemi. Matairi mengi ya aina hiyo yana herufi XL, au maneno «Extra Load». Watu husoma hivyo na kuamini kwamba tairi ni gumu, kwa hiyo halihitaji hewa nyingi. Ni kinyume chake. Tairi la kawaida la namba ya uzito 91 hubeba kilo 615 likiwa na bari 2,5. Tairi la XL la namba 92 hubeba kilo 630, lakini linahitaji bari 2,9 kufika hapo. Ukiliwekea bari 2,2 za zamani, linabeba pungufu kuliko lile la kawaida ulilolitoa: karibu kilo 505 badala ya 555. Ili kurudisha uwezo uleule, ongeza karibu bari 0,3. Aliyekuwa na 2,2 anapaswa kufika 2,5.

Herufi ya mwisho nayo isomwe. T inaruhusu kilomita 190 kwa saa, H 210, V 240 na W 270. Hiyo ni ahadi ya tairi jipya lenye hewa sahihi. Tairi la mkono wa pili lililozibwa mara tatu halina ahadi hiyo tena.

Mbele, nyuma na mizigo

Tofauti ya mbele na nyuma haikuwekwa kwa bahati. Gari lenye injini mbele linaloendeshwa na magurudumu ya mbele mara nyingi huomba hewa zaidi mbele. Porsche 911, yenye injini nyuma, huomba zaidi nyuma. Ukiipindua hesabu hiyo, unabadilisha tabia ya gari. Nyuma ikikosa hewa, mkia hutoka kwenye kona, na ndivyo magari mengi yenye nguvu nyuma yanavyozunguka.

Kama unasafiri na watu watano na magunia mawili ya unga, au umenunua makala njiani, tumia safu ya mzigo kamili kwenye karatasi ya mlangoni. Mara nyingi matairi ya nyuma huongezwa bari 0,2 hadi 0,5. Ukishashusha mizigo, rudisha ya kawaida.

Je, kwa sababu ya mashimo, mtu apunguze hewa? Wenye jipu hufanya hivyo kwenye matope au mchanga, wakitembea polepole, halafu wanajaza tena. Tairi jembamba la spoti haliruhusu. Likilegea, shimo huubana ubavu kati ya lami na janti na kukata nyuzi zake. Uvimbe kama yai utokeao ubavuni baada ya siku mbili ndio alama ya jeraha hilo. Tairi hilo halizibwi, linatupwa. Dawa ya mashimo ni kupunguza mwendo.

Umri wa tairi

Hewa sahihi haiokoi mpira uliozeeka. Tafuta ubavuni neno DOT, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wapenzi wa sinema za magari wanamkumbuka Paul Walker, aliyekufa tarehe 30 Novemba 2013 akiwa abiria katika Porsche Carrera GT. Uchunguzi ulisema chanzo kilikuwa mwendo, kati ya kilomita 130 na 150 kwa saa kwenye barabara ya mtaani, na ukataja pia kwamba matairi yalikuwa na miaka tisa. Kabla ya kununua matairi ya mkono wa pili, soma tarakimu hizo kwanza, ndipo utazame meno.

Mambo matano ya kufanya

Kwanza, nunua manometa yako mwenyewe. Ya quado imeanguka chini mara nyingi, na inaweza kukosea kwa bari 0,2 au zaidi. Ukitumia moja kila siku, utajua hata ikikosea inakosea vipi.

Pili, pima asubuhi kila baada ya wiki mbili, na kabla ya kila safari ndefu. Kama ni lazima kujaza tairi likiwa moto, ongeza bari 0,3 juu ya namba ya mlangoni, halafu pima tena kesho yake baridi.

Tatu, pima pia tairi la akiba. Lile jembamba la dharura huhitaji bari 4,2, na halipaswi kupita kilomita 80 kwa saa.

Nne, rudisha kifuniko cha valvu. Vumbi la barabara zetu likiingia, hewa hutoka taratibu.

Tano, andika namba zako, za mbele na za nyuma, na umpe quado wewe mwenyewe. Wengi wao ni mafundi wazuri ambao hujaza kwa kukisia kwa sababu hakuna mteja anayewaambia namba.

Wanaouza hewa ya naitrojeni watakuambia kwamba ndiyo siri ya magari ya spoti. Haina madhara, na huvuja taratibu kidogo. Lakini hewa ya kompresa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Bari 2,2 za hewa ya kona ya barabara, zilizopimwa asubuhi, ni bora kuliko bari 1,7 za naitrojeni.

Kabla ya kufikiria janti mpya au bomba jipya la moshi, fungua mlango wa dereva, soma karatasi ile, kisha pima matairi yote manne kabla ya kuwasha injini. Kazi hiyo haifiki dakika kumi.